Samaki 19 Sebuleni Magoma: Staa Aache Kumlaumu Mama, Arudi Kwenye Hesabu

Mwezi uliopita klipu moja ya sekunde arobaini ilizunguka mitandaoni mpaka ikachosha. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina linahifadhiwa, alikuwa anaonyesha mjengo mpya aliomjengea mama yake nyumbani kwao Magoma, wilayani Korogwe. Geti, vigae, makochi, vyote vilipita haraka haraka. Kamera ikaja kusimama kwenye ukuta wa sebule. Hapo palikuwa na tangi la kioo la lita 300, taa ya bluu, matumbawe hai, na samaki wa baharini 19 wanapishana kama watu wa Kariakoo mwezi Desemba. Chini yake aliandika: "Bahari nimemletea mama."

Watu wakamwaga makopakopa. Na kiukweli ilikuwa stori tamu. Magoma ni bonde la Lwengera, chini ya milima ya Usambara. Ni mahindi, mpunga na jua kali. Samaki wa baharini anayezoeleka sokoni ni ng'onda, tena amekauka. Leo mtoto wa hapo hapo kaweka kipande cha bahari ukutani kwa mama yake. Nani asingeshangilia?

Wiki tatu baadaye ikaja klipu ya pili. Maji yana ukungu, samaki wamebaki wanne. Staa akaingia laivu, anacheka lakini macho hayacheki, akasema wazee wa kijijini vitu vya kisasa hawaviwezi na kwamba mama "alizembea kidogo". Hapo mashabiki wakapata kazi. Kuna waliomchamba mama wa watu kana kwamba ni msaidizi wa ndani aliyevunja glasi. Kuna waliosema husda, kuna waliosema majirani wametupia kitu.

Hakuna aliyetupia kitu, na mama hakuzembea. Tatizo lilikuwa ile namba 19, na namba hiyo hakuipanga mama.

Kwa mujibu wa mtu wa karibu na familia, kijana aliyetoka Tanga kufunga tangi alijaribu kusema mapema. "Bosi, tuanze na wawili, tangi bado changa." Jibu lilikuwa moja tu: "Weka wote, Jumamosi tunashuti." Yaani idadi ya samaki ilipangwa na kamera. Ilipangwa kwa siku nzuri, taa zinawaka, fundi yupo, mwenye nyumba yupo, kila kitu kinazunguka. Hakuna aliyeuliza tangi litafanyaje siku mbaya ikifika. Na kwa tangi la samaki siku mbaya ni lazima ifike.

Tuliza akili, maana hesabu yenyewe si ngumu.

Wengi wanaanza na ile kanuni ya mtaani ya sentimeta kwa lita. Unapima urefu wa samaki, unagawanya na maji, unapata idadi. Kanuni hiyo ilizoeleka kwa visamaki vidogo vya maji yasiyo na chumvi, na hata huko inadanganya. Samaki haongezeki urefu peke yake. Anapofika sentimeta 10 kutoka 5, huku umbo likiwa lile lile, mwili wake umekuwa mkubwa mara nane, siyo mara mbili. Anakula zaidi, anapumua zaidi, anachafua zaidi. Kwa hiyo samaki 19 wadogo wa leo ni mzigo mwingine kabisa wakishakua. Anayehesabu vichwa dukani anahesabu watoto.

Halafu zile lita 300 zenyewe si lita 300. Toa mchanga, toa mawe, toa nafasi ya juu isiyojazwa. Maji halisi yanaweza kubaki lita 240 hivi. Ndiyo nyumba nzima hiyo: choo, jiko na chumba cha kulala, vyote humo humo.

Kuhusu choo, samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua. Amonia ni sumu. Kinachowaokoa ni bakteria wanaoishi kwenye mawe, mchanga na chujio. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, jingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina afadhali. Bakteria hawa hawanunuliwi wakaanza kazi siku hiyo hiyo kwa nguvu zote. Tangi jipya kwa kawaida linahitaji wiki nne mpaka sita, mara nyingine zaidi, kabla halijaweza kubeba hata samaki wachache. Baada ya hapo unaongeza mmoja au wawili, unasubiri wiki kadhaa, unapima maji, ndipo unafikiria mwingine. Kuingiza 19 kwa mkupuo ni sawa na kualika harusi ya watu 500 kwenye nyumba yenye choo kimoja ambacho fundi bado anachimba.

Sasa hewa, na hapa ndipo wengi hawajui kabisa. Maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji matamu, na yakipata joto yanashika kidogo zaidi. Kwenye nyuzi joto 25, maji matamu yaliyoshiba hewa yana miligramu 8 na kidogo kwa lita. Maji ya bahari yana kama 6.8. Zidisha kwa lita 240. Tangi zima la staa, likiwa limeshiba hewa kabisa, lilikuwa na oksijeni gramu 1.6 hivi. Sukari ya nusu kijiko cha chai ni nzito kuliko hiyo.

Umeme ukiwepo hakuna shida. Pampu inasukuma maji, uso wa maji unacheza, hewa inaingia muda wote. Umeme ukikatika, maji yanasimama na kinachobaki ni kile kidogo kilichomo. Na humo wanaopumua si samaki tu. Bakteria wanapumua. Matumbawe yanapumua pia. Mchana, mwani mdogo sana unaoishi ndani ya matumbawe hutengeneza oksijeni kwa mwanga, lakini usiku nao unakula tu. Ndiyo maana tangi lililojaa linaweza kupendeza mchana kutwa likafa kabla ya adhana ya alfajiri.

Ndicho kilichotokea Magoma. Mvua kubwa, saa nne usiku umeme ukakatika. Ukarudi karibu saa kumi na moja alfajiri. Saa saba. Asubuhi samaki 11 walikuwa wamekufa, na ndani ya siku mbili wakafuata wengine wanne, maana samaki aliyekufa anaoza na kuoza ni amonia nyingine. Kumi na tisa toa kumi na tano.

Je, wangekuwa watano tu wangepona wote? Hakuna anayeweza kuapa. Lakini ile gramu moja na nusu ikigawanywa kwa vidomo vitano inachelewa sana kuisha kuliko ikigawanywa kwa 19. Hicho ndicho idadi ndogo inachokununulia: muda wa kuamka, kuona na kufanya kitu.

Halafu kuna suala la nani anaishi na nani. Ile klipu ukiisimamisha unaweza kuwahesabu: kangaja wanne, nemo sita, vitatange watatu, kikande mmoja, na wale wadogo wa bluu, damseli, watano. Kwa macho ni upinde wa mvua. Kwa anayewajua ni vita.

Kangaja ni samaki wa kukata maji, baharini anazunguka eneo kubwa kutwa nzima akitafuna mwani. Aina nyingi wakikua hupita sentimeta 20. Huyo kwenye tangi la lita 300 ni sawa na kumfungia mkimbia mbio bafuni, na kuweka wanne ni kuwaambia wachaniane, kwa sababu kila kangaja ana mwiba mkali kama wembe pale mkia unapoanzia. Vitatange wengi wanakula matumbawe yenyewe, kwa hiyo bosi alinunua pambo na mlaji wa pambo siku moja. Kikande akikua anatafuna kamba, kaa na chochote kinachotambaa. Damseli ni wadogo ila wana roho ya konda, kila mmoja anataka jiwe lake na akishalipata hamruhusu mtu.

Na nemo? Tangu filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 kila mtu anamtaka, wengi wakidhani wakiwa kundi ndo wanafurahi. Kundi la nemo lina utawala. Mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata ni dume lake, waliobaki wanasubiri foleni. Jike akifa, dume hugeuka jike na wa chini yake anapanda cheo. Kwenye tangi dogo mara nyingi wawili wanashika madaraka na kuwafukuza wengine mpaka kona, mpaka wafe. Nemo sita humo ndani ni nemo wawili na wanne wanaonyanyaswa.

Kwa hiyo swali la wangapi haliwezi kujibiwa kabla ya swali la akina nani, na wakikua watakuwaje.

Kwa tangi kama lile, lenye matumbawe, mahali penye joto na umeme wa kubahatisha, namba ya kueleweka ni tano. Nemo wawili waliokubaliana. Gobi mmoja, yule mdogo anayekaa mlangoni mwa shimo huku kamba mchimbaji akifanya usafi ndani, mmoja analinda, mwingine anachimba. Bleni mmoja wa kukwangua mwani. Kardinali mmoja mtulivu. Wote ni wadogo hata wakikua, na kila mmoja ana sehemu yake: chini, kwenye mawe, katikati ya maji. Waingie kwa awamu, wapole kwanza na wenye ubabe mwisho, ili mbabe asikute nyumba tupu akaitangaza yote kuwa yake. Nafasi ya sita ipo, ila iachwe wazi. Tangi si basi la Korogwe, eti konda aseme sogeeni nyuma kuna nafasi.

Kipimo kingine ambacho mtu wa Magoma angeelewa haraka kuliko mtu wa Masaki ni madumu. Kama maji yanatoka baharini, lita 300 ni madumu 15 ya lita 20. Yanapakiwa Tanga, yanapita Muheza, Segera, Korogwe mjini, ndipo yanaingia njia ya Magoma. Kubadilisha asilimia 10 kwa wiki ni dumu moja na nusu, kila wiki, mwaka mzima. Ukitumia chumvi maalumu ya kuchanganya nyumbani unaokoa safari, lakini unahitaji maji safi kweli na kipimo cha chumvi, gramu 35 hivi kwa lita. Na maji yakipungua kwa joto unajazia maji matamu, siyo ya chumvi, maana yanayopaa ni maji tu, chumvi inabaki. Ukiwa na samaki watano wanaokula kidogo, ratiba hiyo inashikika. Ukiwa na 19, dumu moja na nusu haitoshi, na atakayebeba madumu ya ziada si staa. Ni mama na kijana wa jirani.

Wapo watakaosema huyu jamaa ana hela, atanunua chujio kubwa, betri kubwa, jenereta. Sawa, hela inasaidia. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima hata kwa mwenye samaki wawili. Lakini hela hainunui nafasi ya kangaja kukata maji, haimfundishi damseli adabu, na haiharakishi bakteria wakue kwa siku mbili. Jenereta nayo inataka mtu wa kuiwasha saa saba za usiku. Mtu huyo ana umri wake na magoti yake.

Wapo watakaosema mbona baharini samaki ni maelfu wamebanana kwenye mwamba mmoja? Baharini hakuna lita 240. Maji yanaingia na kutoka kila kupwa na kujaa, uchafu unachukuliwa, na anayefukuzwa ana pa kukimbilia. Sebuleni anayefukuzwa anagonga kioo.

Na wapo wa pwani watakaosema mbona perege anajazwa bwawani na hafi? Perege ni kiumbe mvumilivu wa maji yenye hewa kidogo. Tena mkoa huu una wake kabisa, yupo mmoja wa mto Pangani ambaye kisayansi anaitwa Oreochromis korogwe, jina la wilaya limo ndani. Samaki wa matumbawe amezoea maji yaleyale, joto lilelile na hewa tele maisha yake yote. Hajaandaliwa kwa bwawa.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaosema tangi la namna hii lisiwepo kabisa. Inabidi isikilizwe. Samaki wengi wa mapambo wa baharini wanavuliwa mwambani, hawazalishwi. Nemo ni kati ya wachache wanaozalishwa vizuri wakiwa kifungoni. Pwani ya Kenya imekuwa ikisafirisha samaki wa mapambo kwenda nje kwa miaka mingi. Miamba ya Tanga yenyewe imepigwa baruti miaka nenda rudi, na joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi pwani yote hii. Ndiyo pwani hiyo hiyo iliyotangazwa hifadhi ya silikanti mwaka 2009. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, huwezi kuyavusha mipaka bila vibali. Kwa hiyo samaki 15 waliokufa si maua ya plastiki kwamba yakichakaa unarudi dukani. Kama wametoka mwambani, ni 15 waliopungua huko kwa ajili ya klipu ya sekunde arobaini.

Lakini mtu akiwa na watano, wengi wao wa kuzalishwa, akawatunza miaka, huyo atajua thamani ya mwamba kuliko aliyeuona kwenye kalenda. Nemo akitunzwa vizuri anapita miaka kumi. Huyo si pambo tena, huyo ni mwanafamilia. Idadi ndogo ndiyo inayotenganisha kupenda na kujionyesha.

Sasa turudi kwa mama, kwa sababu laivu ile haikusema yote.

Umeme ulipokatika usiku ule, mama hakulala. Aliwasha tochi ya simu akaona samaki wote wamepanda juu, midomo nje. Akampigia mwanawe. Simu iliita mara tatu bila kupokelewa, staa alikuwa stejini. Ya nne ikapokelewa na mtu wa timu. "Mwambie mwanangu samaki wake wamepanda juu, wanafungua midomo kama wanaomba maji na maji wamo ndani." Akaambiwa, "Mama usiguse kitu, bosi atakupigia."

Bosi hakupiga. Mama akagusa. Alichukua jagi, akawa anachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu, anachota na kumwaga, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Kijana wa jirani akaja kumpokea, wakabadilishana mpaka umeme uliporudi. Hawakusoma popote. Kumbe ndicho kitu sahihi pekee kilichobaki kufanya, kwa sababu maji yanayomwagwa kutoka juu yanabeba hewa kuingia ndani.

Wale wanne waliobaki hawakubaki kwa bahati. Walibakizwa na jagi la mwanamke ambaye mwanawe alienda laivu kusema kazembea.

Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la tangi hili lilikuwa jepesi tu: maji halisi lita ngapi, samaki akikua atakuwa na ukubwa gani, nani anagombana na nani, umeme ukikatika nani yuko nyumbani na ataweza kufanya nini kwa mikono yake miwili. Jibu la swali hilo la mwisho ndiyo idadi ya samaki.

Inasemekana staa anataka kujaza tena kabla ya sikukuu. Kama ni kweli, aanze kwa kufuta ile laivu. Kisha ampigie mama, amuulize kwa heshima: "Mama, wewe unaona tuwe na wangapi?" Aliyeshika jagi usiku kucha ndiye anayejua namba.

Wadau, samaki wanne wamebaki. Waongezwe, waachwe hivyo hivyo, au tangi lizimwe kabisa? Dondosha komenti yako hapo chini, ila mama wa watu msimguse.